Sufi ya Ukutani

Nyumba hii ilijengwa na watu walioogopa jua tu.
Matofali matupu, dari ya zege, madirisha yameipa kusini kisogo,
na juu ya kitanda tundu la mraba,
tundu la kiyoyozi ambacho hakikuletwa,
maana nguzo za umeme zilikomea bondeni
nasi tuko huku juu ya Jebel Akhdhar,
mwendo wa saa nzima kwa Landikruza isiyokohoa.
Disemba inapita tunduni kama mpangaji mwenye ufunguo.

Asubuhi mpira wa maji umekuwa fimbo.
Mikomamanga imesimama uchi, tuta kwa tuta,
na bibi yangu, Shinuna binti Mhenna, mzaliwa wa Chake,
amevaa soksi mikononi.
"Walinambia narudi kwetu," anasema.
"Hawakunambia kwetu kuna barafu."

Nikaanza na udongo.
Jirani akanionesha tanuri la babu yake, la kuchomea sarooj,
nikacheka peke yangu:
kwetu saruji ni mfuko wa kijivu, kilo hamsini, dukani;
kwao ni udongo uliopikwa kwa magogo ya mitende.
Neno moja limesafiri, likabadili nguo njiani.

Mimi na Dulal, kibarua wa Sylhet, tukasimamisha mbao za shehena
shubiri moja kutoka ukutani.
Hiyo shubiri ndiyo iliyotushinda.
Manyoya ya mbuzi: magunia mawili, yakaishia kiunoni.
Trei za mayai: panya wakashukuru.
Nikaligeukia godoro.

Sufi ya Pemba.
Ilichambuliwa kwa vidole na shangazi watatu, ikashonewa marekani,
ikafungwa kamba ikaja Maskati mwaka wa sabini na tatu
pamoja na mbuzi ya kukunia nazi
(nazi huku hakuna; mbuzi yupo, ananing'inia msumarini).
Juu yake walizaliwa wanne, akafia mmoja.

"Godoro hulaliwa," akasema Bibi. "Ukuta haulali."
Nikanyamaza. Nikajaza maboksi.

Usiku wa nne wa Januari maji ya udhu yaliota ngozi ndani ya kata.
Alfajiri nikamkuta sakafuni na mkasi,
anafumua mshono taratibu,
kama mtu anayefungua barua asiyotaka kuichana.
"Usinitazame hivyo. Shika gunia."

Ikafumka. Chumba kizima kikapiga chafya.
Mbegu nyeusi zikadondoka, za mti ambao mimi sijawahi kuuona.
Dulal akainusa sufi, akataja jina la mti wa kijijini kwao,
jina jingine, mti uleule, au binamu yake.
Tukaipepeta, tukainyunyizia chokaa kwa ajili ya wadudu,
tukaishindilia, lakini si sana:
sufi ikibanwa haipashi, alisema Bibi,
kazi inafanywa na hewa, sufi inaishika mkono tu.
Hilo sikulisoma popote.

Mto wake nikautia kwenye tundu la kiyoyozi.
Tundu jingine, la ngumi, akanikataza kuliziba.
"Humu tunalala na jiko la makaa. Nyumba isiyopumua inaua."
Kisha mbao, kisha udongo na majani makavu,
na alama za viganja vya Dulal ambazo sikuzisawazisha.

Kipimajoto kilisoma nne. Sasa kinasoma kumi na moja.
Kumi na moja si Chake. Soksi za mikononi hajazivua,
ila moja, ya kulia, wakati wa kula.

Analala juu ya sponji tuliyonunua Nizwa
na kila kukicha anailaani: inalia, inateleza, haina mtu ndani.
Juzi nikaona kitanda kimesogea.
Hakuniambia, sikumuuliza.
Mgongo wake unagusa udongo.