Diski ya Nne

Kwamboka aliinunua River Road, seti nzima,
diski sita kwenye kava lililofifia,
na tangu hapo saluni yetu ya Kayole haifungwi saa mbili.

Yule nyota ana jikoni mbili: moja ya kupikia,
nyingine ya kuonyeshwa.
Leo analia, hereni imezama kwenye bwawa.
"Pole, mama," anasema Mumbua, kichwa kimejaa rola,
na hakuna anayemcheka.

Rimoti ninayo mimi.
Nikibonyeza, chozi linasimama shavuni,
halithubutu kushuka mpaka niruhusu.
Nani mwingine Nairobi hii hunisubiri hivyo?
Si kanjo. Si landilodi.
Nasogelea skrini, nahesabu mifereji yake:
minne, na yote inatiririka.
Wetu hutoa maji Alhamisi, tukikumbukwa.

Diski ya nne ina mkwaruzo.
Pale anapofungua barua ya mumewe, picha huganda,
mdomo wazi, uso vimraba vimraba.
Basi tunamalizia wenyewe.
Kwamboka humwachanisha. Mumbua humrudisha kwake.
Mimi humleta hapa,
humkalisha kiti cha tatu, kile chenye mguu mbovu,
humwosha nywele kwa maji ya mtungi,
polepole, yasiishe.