Sanduku la Ishirini

Januari tulihamia Catterick, nyumba ya jeshi,
ufunguo umefungwa kwa kamba ya kiatu.
Masanduku kumi na tisa. La ishirini, lenye Biblia ya mama,
lilipotelea njiani, tukasoma zaburi kwa kichwa:
Mereoni akaruka mstari, Vilikesa akamsahihisha,
akakosea naye.

Machi akaenda. Wapi, sikuambiwa.
Aliacha buti kuukuu mlangoni,
wezi wadhani yumo.
Nikazipaka dawa kila Jumamosi.

Kuna usiku niliomba kama anayesoma orodha ya duka:
mkate, sabuni, mrudishe.
Kuna usiku sikuomba. Nilikunja soksi.

Jumapili, sisi Wafiji tulijazana ukumbi wa skauti.
Besi za wanaume zilikuwa huko waliko,
basi wanawake tukashuka chini kuzishika,
vibaya, lakini tukazishika.

Agosti boila ilikufa. Kasisi wa kikosi akaja na spana,
hakutaja aya hata moja.
Nilimshukuru kwa hilo kuliko maji ya moto.

Novemba akarudi, amekonda,
akasimama akizitazama buti zake
zinazong'aa kuliko alizovaa.
"Nani anaishi hapa?" akauliza.
Mdogo akajibu, "Wewe."

Mezani sauti ilimkwama penye "Baba yetu".
Tukaingojea. Viazi vikapoa.

Jana, barua ya uhamisho.
Asubuhi ile ile, sanduku la ishirini
likaletwa, limelowa pembe moja.
Sikulifungua.
Nilitafuta kalamu, nikaandika juu yake
anwani mpya.