Mshiriki Nambari Thelathini na Saba

Daktari Kadzo, kwanza nisitiri:
kile kikopo chenye kifuniko chekundu
nilikipitisha Langoni chini ya kanzu
kama mtu aliyeiba sahani ya msiba.
Kila aliyenisalimu aliuliza, "Wabeba nini?"
Nikasema halua.

Siku arubaini ulininywesha maziwa lala,
nusu kikombe alfajiri, nusu baada ya isha,
wala hukuniambia kama bakteria wake
wangali hai ama mmewachemsha.
"Hata mimi sijui," ukasema. "Ndilo sharti."
Ukanikataza chochote kingine kilichochacha.

Sasa tumbo limetulia.
Halingurumi tena msikitini
katika kile kimya cha sijida.
Umefurahi, umeandika, umepiga mstari.

Lakini juu darini kwetu kuna chupa
ya ndimu, chumvi na pilipili,
jua la Lamu limeipika miezi mitatu.
Mke wangu Shufaa huifunika kitambaa,
huitikisa kila adhuhuri
kama anayebembeleza mtoto wa mwenziwe.
Usiku wa tisa nilipanda kwa ncha za vidole.
Ndimu moja.
Usiku wa kumi, mbili.

Kwa hiyo sijui nani ameniponya:
wako wa kikombeni, au wetu wa darini,
ama walikutana humo gizani
wakaoana bila kadhi.

Nifute daftarini ukitaka.
Ila kikopo cha mwisho nimekuletea,
na ubavuni mwake kichupa cha achari.
Tafadhali,
usivichanganye.