Kosa la Herufi Moja

Nazeli aliposhika tumbo mara ya kwanza
alikuwa na miaka sita, na theluji ya Gyumri
ilikuwa imefika kwenye kizingiti cha dirisha.
Kipimajoto kilisoma thelathini na tisa na nusu.
Kidole tumbo, alisema daktari wa zamu.
Wakampasua, wakakikuta kizima,
chekundu kidogo tu, kama mtu aliyeamshwa bila sababu.

Siku ya tatu homa ikashuka yenyewe.
Akaomba mkate na jibini.
Mama mkwe akasema: ni jicho la watu.
Mwezi uliofuata jicho likarudi.

Kazi yangu mimi ni kusahihisha.
Miaka kumi na minane katika kiwanda cha uchapaji,
kalamu nyekundu mkononi, natafuta
herufi iliyoruka, herufi iliyogeuzwa,
na sifa yangu ni kwamba hainipiti.

Daktari Varduhi, kule Yerevan,
alinichorea nyuma ya risiti.
Ndani ya seli nyeupe, alisema, yupo bawabu,
jina lake pirini. Hatazami nyuso za wageni.
Hutazama swichi moja tu, ndogo:
sumu ya vijidudu ikiizima, anajua mwizi kaingia.
Siku za kawaida kafungwa kamba,
na kamba hukazwa na swichi ile ile.
Ikizimika, zinalegea; bawabu anasimama,
anaita wenzake, wanashikamana,
na kushikamana kwao kunaamsha mkasi.
Mkasi unafungua barua iliyokuwa imeshonwa,
interleukini,
nayo inapanda hadi ubongoni, inasema: washa.
Mishipa inalegeza milango. Askari wanamiminika.
Panavimba, panauma, panawaka,
na ndivyo tunavyoishi, mimi na wewe,
bila hata kushukuru.

Na Nazeli?

Akaweka nukta kwenye mchoro.
Kwake yeye kamba zilisokotwa vibaya.
Baridi kidogo, mtihani wa hesabu,
safari ya kwenda kwa shangazi: bawabu kasimama.
Mwizi hayupo. Askari wanafika na mikuki
wanachoma mapazia ya nyumba yao wenyewe,
siku tatu, kisha wanachoka.

Kwa nini?

Herufi moja, alisema,
katika elfu mbili mia tatu na kitu.
Moja ya kwako, moja ya baba yake.
Ninyi kila mmoja ana nakala safi pembeni,
ndiyo maana hamkuungua.

Nilicheka, Mungu anisamehe.
Hmayak alidhani nalia, akanishika bega.

Usimchukie bawabu, alisema Varduhi.
Wapo wanaodhani kwamba zamani, tauni ilipopita,
vijidudu vyake vilijua kumbembeleza bawabu alale,
na waliobaki kuzika wengine
ni wale ambao bawabu wao hakubembelezeka.
Sijui kama ni kweli. Nimeibeba hata hivyo,
naitoa usiku ninapobadilisha kitambaa
kwenye paji la uso wake.

Dawa inatoka kwenye ua la vuli,
la zambarau, linalochanua bila jani,
ambalo wachungaji huwafukuzia mbuzi.
Ni sumu. Kidonge kimoja kila jioni
kinabomoa nguzo chache ndani ya seli,
na katika kubomoka kwake swichi inawaka,
kamba zinakazwa, bawabu anaketi.
Inamharisha. Siku nyingine anakificha chini ya zulia
nami navikuta Jumamosi, vitatu, vinne, vimeota vumbi.

Ana miaka kumi na mmoja sasa.
Tuna miezi minne bila moto, na figo safi,
nami siisemi idadi hiyo kwa sauti.

Jana nilimwogesha nywele karibu na jiko.
Kovu lake limepauka, limerefuka pamoja naye.
Nalijua kovu hilo. Ni mstari wa mtu aliye na haraka,
uliopigwa kwa mkono imara
juu ya neno lisilo na kosa.