Herufi ya Katikati

Jumatatu, kipindi cha pili, niliandika ubaoni:
egama, egemea, egemeza, egesha.
Kidato cha Pili wakanakili bila neno,
isipokuwa Ndeshi wa dawati la nyuma:
"Mwalimu, kuegesha gari na kuegemea ukuta
ni watoto wa mama mmoja?"
Ndiyo, nikasema. Chaki ikanikatikia mkononi.

Maana neno hilo sikulipata kamusini.
Nililipata Kiboriloni, siku za soko,
baba akilinda baiskeli kwa shilingi mia:
Egesha hapa. Ya kwako pale, mama Anaeli,
usiiegemeze kwenye hiyo nyekundu,
ina tabia ya kuangukia kulia.
Alizijua zote.
Kila baiskeli, alisema, ina upande inaopenda kulalia,
na binadamu vilevile; mtazame akichoka.

Yeye alilalia kushoto.
Hatukulijua hilo mpaka Machi,
kiharusi kilipoufuata upande uleule
kama mgeni aliyeelekezwa nyumba.

Pale KCMC mtaalamu wa viungo, kijana wa Same,
alimwambia, "Mzee, niegemee."
Baba akakaza shingo. Akasimama peke yake
kwa muda wa kuhesabu nne.
Tulimwokota watu watatu.

Nyumbani Uru, nyuma ya jiko,
mgomba umeinamia mfereji kwa mkungu wake.
Mti wa panda aliouchonga mwenyewe mwaka jana
bado umeushika kwapani.
Mgomba haukuomba.

Usiku nasahihisha madaftari.
Mtoto ameandika elemea palipotakiwa egemea.
Kalamu nyekundu ikasita hewani:
herufi moja tu, g ikilegea ikawa l,
na aliyekuegemea amekuelemea.
Ukitanguliza t, unapata tegemea;
wanazuoni waseme watakavyo,
mimi mle ndani naona tega,
na sijui nani kamtegea nani.
Nikampa nusu alama.

Leo asubuhi, kizingitini, hakuna aliyemwambia,
bega lake likatua juu ya langu,
zito kama baiskeli yenye gunia la mbatata.
"Nakue...mea," akasema.
Ile herufi ya katikati
ilibaki upande wa mdomo uliolala.

Sikuuliza ni ipi.
Mvua ilikuwa imelainisha njia.
Nikapiga hatua, naye akapiga nusu,
nikarudi nusu.