Dirisha la Nne

Msafiri, simama nyuma ya mstari wa njano.
Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita mbele
na ukurasa mmoja mtupu, usio hata na doa la chai.
Kofia vua. Miwani vua. Tabasamu litie mfukoni,
mashine yetu haimtambui mtu anayecheka.

Haya nayasema mara mia tatu kwa zamu,
kwa Kigeorgia, kwa Kituruki, kwa Kirusi kilichochakaa,
Bahari Nyeusi ikigonga mawe nyuma ya choo cha madereva.
Juzi kijana mmoja, kabeba shanta kama konokono,
kaniuliza: sheria hizi nani kazitunga?
Mimi napiga muhuri tu, kaka, nikamjibu.
Muhuri hauna mama.

Bibi yangu Gulizari anamjua aliyezitunga.
Alikuja na kamba na kigingi cha chuma,
akala mkate wa mahindi kwao, akashukuru kwa adabu,
kisha akaipitisha kamba katikati ya kijito.
Nyumba ikabaki huku, kisima kikabaki kule.
Bibi alikuwa na miaka saba na ndoo mkononi.
Dada yake Feride alishatangulia na ndoo nyingine.

Basi.

Tangu hapo posta yao ikawa kamba ya kuanikia nguo,
maana askari hawana amri ya kukataza ufuaji.
Shuka jeupe: wazima. Taulo jekundu: kazaliwa mtoto.
Soksi moja bila mwenzake: mume kalewa tena.
Siku ya shuka jeusi tulilisoma sote, hata wanajeshi,
na mwaka uliofuata, mwaka mmoja tu, lango likafunguliwa.
Watu walikimbia kuvuka na keki mikononi.
Bibi akakaa jikoni akimenya vitunguu.
"Siombi ruhusa ya kwenda kisimani."

Miaka ikapita. Masika haya akasikia kisima kitafukiwa,
mabasi ya watalii yapate pa kuegesha.
Akaniambia: lete hiyo karatasi yenu.

Jina? Tulihangaika saa nzima,
cheti kinasema Gulisari, kitambulisho Gulizari,
na herufi moja ikipotea mpakani, mtu mzima hupotea.
Mahali pa kuzaliwa? Akaelekeza kidole dirishani.
Madhumuni ya safari? Visanduku vilikuwa vinne:
utalii, biashara, matibabu, kupita njia.
"Kuchota maji kiko wapi?"
Hakipo, bibi.
"Kichore."
Sikukichora. Nina watoto, nina mkopo wa benki.
Nikatia alama kwenye utalii,
akaitazama kama unywele kwenye supu.
Utakaa siku ngapi? "Mpaka ndoo ijae."
Nikaandika: moja.

Asubuhi alipanga foleni na ndoo yake ya bati,
nyuma ya Wapolandi wawili na mwuza hereni.
Zaza wa ushuru alitaka kumpitisha mbele, akakataa.
Alipofika kwangu hakuniita mjukuu, nami sikumwita bibi.
Vua kilemba, nikasema, sauti ile ile ya mara mia tatu.
Akavua. Sikuwahi kuziona nywele zake mbele za watu,
nyembamba, nyeupe, kama moshi wa mshumaa uliozimwa.
Machozi yalimtoka. Mashine ikamtambua mara moja.

Alirudi jioni, zamu yangu inaisha,
ndoo imejaa, maji yanacheza ukingoni.
Kuna amri kuhusu vimiminika. Zaza anaijua kwa moyo.
Akakohoa, akafungua daftari, akauliza
kama anavyouliza kila mtu:
mama, una chochote cha kutangaza?

"Nimechelewa," akasema.

Zaza akageuza kurasa akitafuta safu ya jambo hilo.
Nyuma yao mtu alilalamika kuhusu basi la Batumi.
Bibi akaitua ndoo mezani apumzishe mkono,
maji yakaruka, yakaangukia daftari.
Tarehe ya siku ile, mpaka leo, haisomeki.