Swali Nililomuuliza Mwewa

Miaka ishirini na sita nimepima shaba
kwa mizani inayosikia hata pumzi.
Ukikohoa, namba zinahama.
Ndivyo nilivyojifunza kuishi:
usikohoe karibu na jibu.

Jumamosi ni zamu ya gofu. Septemba, Lubumbashi,
nyasi zimekauka rangi ya gunia,
bomba la kiwanda limesimama nyuma ya miti
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Mpira uko hapa. Shimo liko pale.
Kati yao hatua mbili, mbili tu.

Nachuchumaa. Nafumba jicho moja.
Mteremko unakwenda kushoto,
au kulia, nikilaza kichwa.
Nyasi zimelalia upande wa kichuguu.
Upepo wa juu unatoka kusini,
upepo wa chini una shauri lake.
Bega lishuke. Kiwiko kisitoke. Kidole gumba,
kidole gumba ninacho tangu kuzaliwa
na hakijawahi kuniomba ushauri,
leo nakiuliza kimelala wapi.
Nasukuma.
Mpira unapita mdomoni mwa shimo
kama mgeni aliyechungulia sufuria
akaona chakula hakitoshi.

Mwewa, mbeba fimbo zangu, anatazama viatu vyake.
Ana adabu, mtoto yule wa Katuba.

Nilimkuta jioni moja nyuma ya ghala,
nondo mkononi, imepindwa ncha kwa nyundo,
na mpira wenye kovu.
Alikuwa anabishana na mwenzake juu ya deni,
na katikati ya sentensi, bila hata kumeza mate,
akapiga.
Mpira ukapanda, ukavuka kichuguu,
ukashuka ukagonga ndoo. Ngo!
Naye akaendelea: "…na shati langu urudishe pia."

Ningenyamaza.
Ningekwenda zangu nyumbani na mlio wa ile ndoo.
Lakini mimi ni mtu wa maabara.
"Unafanyaje?"
"Napiga tu, Injinia."
"Kabla ya kupiga. Mkono upi unaanza?"
Akaitazama mikono yake
kama mtu aliyeombwa vitambulisho kwenye kizuizi
na hakumbuki ameviweka mfuko gani.
"Mkono…" akasema.
Akasimama. Akapanga miguu. Akaipanga tena.
Akapiga udongo.

Wiki tatu Mwewa alipiga udongo.
Vumbi jekundu lilimpanda hadi kwenye nyusi,
na mwenzake, yule wa shati, alicheka mpaka akachoka kucheka.
Mimi ndiye niliyemtilia mchwa.
Mchwa hapigi hodi.
Huanzia kwenye mguu wa meza,
mahali ambapo hakuna anayekula.

Nikamweleza mke wangu. Kyabu alikuwa anasonga bukari,
anamwaga unga kwa kiganja, macho yako dirishani
kwa jirani anayeanika nguo.
Nikaona hapimi. Nikauliza ni viganja vingapi.
Akanielekezea mwiko, mvuke unapanda:
"Nyamaza wewe. Bukari itasikia."

Novemba, mvua ya kwanza.
Radi ilipasua anga upande wa Kipushi
na wenye fimbo za chuma tukakumbuka kwamba ni za chuma.
Wakubwa wakakimbia, matumbo mbele.
Mwewa alikuwa mbele yangu na begi mgongoni,
maji yanamtiririka shingoni,
akauona mpira wa mtu umesahaulika njiani.
Hakusimama.
Sikuona fimbo ikitoka kwenye begi,
niliona tu imeshatoka,
nikasikia sauti safi, fupi, kama kizibo,
na ule mpira ukaingia ndani ya mvua
tusijue ulikotua. Labda bado.

Aligeuka, meno yote nje.
Nikafungua mdomo.
Swali lilikuwa tayari, limepigwa pasi, lina tai.

Nikakohoa.

"Twende, Injinia," akasema, "begi linalowa."